Jino la Mamba

Akinyi, nyakwara, mjukuu wangu,

Hapa Kosele sote ni wazima, na mtama umekubali mwaka huu. Uliniuliza kama najutia ujana wangu wa kutengeneza vitisho vya filamu bila jina langu kujulikana.

Nikiwa msichana nilishona mamba wa magunia na mpira kwa ajili ya filamu moja ya hapa ziwani. Ilipoonyeshwa sokoni, watu walikimbia wakaacha viatu. Nilisimama nyuma nikicheka peke yangu.

Jumapili iliyopita walifika wageni sita, watu wazima, wamebeba mamba wa matete waliyemsuka wenyewe.

“Mama, ni wewe ulitutisha tukiwa watoto?” aliuliza mmoja wao, mshonaji wa Kisegi.

“Ni mimi.”

“Basi tumekuletea ahsante.”

Nilimkagua. Jino moja la mbele lilikuwa limepinda, kosa langu lile lile nililolionea haya miaka yote.

“Mbona hamkulinyoosha?”

“Tungelinyoosha, asingekuwa yeye.”

Nililia, Akinyi, huku nacheka, nimemkumbatia mamba shingoni mbele ya wageni. Sijutii hata kidogo.

Akupendaye,
Dani yako