Nusura Ninunue Ndizi Zangu

Naomi mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Kikwe hatujambo. Babu yako amenunua redio mpya, sasa anabishana nayo kutwa. Unauliza kama hiyo kampuni ya Dar uiachie parachichi zako izisafirishe, izihifadhi na kuziuza.

Mimi nilipokuwa binti nilibeba ndizi kichwani mpaka soko la Tengeru. Shingo ilipochoka, nikampa Elifasi mwenye punda azibebe. Baadaye akazitunza bandani kwake, mwishowe akawa anauza yeye. Nikakaa nyumbani kama mke wa mangi, chifu mzima!

Siku moja nikaenda kutembea sokoni. Mama mmoja wa mgahawa akaninong'oneza, “Dada, ukitaka ndizi mshare nzuri nenda kwa Elifasi. Yule anajua kulima!”

Naomi, Elifasi hakuwa na mgomba hata mmoja. Nilicheka mpaka nikashika nguzo.

Punda aliendelea kubeba, na banda likaendelea kutunza. Ila tangu hapo kila siku ya soko nilikaa mwenyewe kwenye ndizi, nikawasalimia wanunuzi mmoja mmoja. Mpaka leo wakinipigia simu huanza kuulizia migomba yangu.

Wanunuzi wako je, wanakujua?

Ni mimi bibi yako,
mwenye ndizi.