Namba Tasa ya Ebo

Tangazo rasmi, Fiifi. Leo Ebo wa bweni letu ametawazwa nabii wa hisabati. Unabii wake haukumaliza kipindi.

Timu ya chemshabongo ilibakiza nafasi moja. Ebo aliitaka mpaka akaacha kenkey yake, donge lile la mahindi, mezani bila kuila.

Mwalimu Quansah akaandika ubaoni 1,000,001. "Hii ni namba tasa au siyo?"

Ebo hakugusa hata chaki. "Tasa, mwalimu. Moja huku, moja kule, sifuri tupu katikati. Namba ya hivyo haigawanyiki."

TASA. Aliisema kama anayetangaza tarehe ya kiama.

"Haya, igawanye kwa mia moja na moja."

Fiifi, ikagawanyika. Jibu 9,901, bila baki.

"Nani kakufundisha kanuni hiyo, mwanangu?"

Ebo hakunitaja. Hata kunitazama hakunitazama.

Mwalimu akanigeukia. "Egyir, wewe ulianza kucheka kabla sijamwambia agawanye. Ulijua nini?"

Nikasimama. Nikasema kanuni ni yangu, niliitunga jana nikamlisha Ebo, kwa sababu nafasi ni moja na yeye ananizidi.