Shangazi, Hukurudi Same Kupumzika

Shangazi Nakijwa, shikamoo.

Tumekuzika kijijini Suji, chini kidogo ya nyumba ya babu, pale ulipotaka. Mvua ilinyesha asubuhi, magari ya wageni wa mjini yakakwama kwenye kona ya kanisani, vijana wakayasukuma. Hayo yalikwenda salama. Ninalokuandikia ni lingine, na bado nina hasira.

Mkubwa mmoja wa hospitali uliyofanyia kazi zamani alisoma wasifu wako. Alieleza ulivyosomea magonjwa ya moyo ng'ambo, madaktari uliowafundisha, viongozi uliowatibu. Yote kweli. Kisha akasema, "Baada ya kustaafu, daktari wetu alirudi Same kupumzika," akakunja karatasi. Basi.

Kupumzika? Mimi ndiye nesi wako. Ni mimi niliyekuwa kwenye bodaboda ya nyuma tukipanda milima ya Mamba kwenye matope, wewe mbele umekumbatia begi la mashine ya kupimia moyo kama mtoto mchanga. Tulisikiliza vifua vya wanafunzi darasa kwa darasa, kwa sababu ulichoka kupokea watu wazima ambao mioyo yao iliharibika utotoni, kwa ugonjwa wa koo ambao hakuna aliyeutibu. Ulikuwa unasema, "Kule mjini nilikuwa nafika nimechelewa."

Na Nosim, yule binti wa wafugaji wa Makanya? Mwalimu alimchapa kwa kushindwa mchakamchaka. Ulimsikiliza kifua, ukavua miwani, ukamwambia mwalimu taratibu, "Huyu si mvivu. Valvu ya moyo wake inavuja." Baba yake, Mzee Saruni, alikataa upasuaji. Ulikwenda kwake, ukarudi, ukarudi tena, mpaka akakubali. Mtoto akapasuliwa, akapona.

Walikuja kukuzika, baba na binti. Saruni akaomba kusema neno. Mshereheshaji akamjibu muda umekwisha, wageni wana safari ndefu. Unanijua, Shangazi, mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Nilisimama. Nikachukua kipaza sauti mkononi mwa mshereheshaji, nikampa mzee.

Akasema, "Huyu mama alikuja bomani kwangu mpaka mbwa wangu wakaacha kumbwekea. Sasa mnasema alikuwa anapumzika."

Akamshika Nosim bega, wakarudi kukaa. Yule mkubwa alinifuata baadaye kuomba radhi. Sikumjibu vizuri.

Niliporudi kazini nikakuta chumba chetu cha kliniki ya moyo kimejazwa viti vibovu. Bosi wangu akasema, "Sista, mwenye kliniki si ameshafariki?" Nikamwambia wenye kliniki wako nje kwenye benchi. Nikaanza kutoa viti, wagonjwa wakanisaidia. Yule daktari kijana uliyemfundisha amekubali kuja kila mwezi kutoka Moshi, na mwezi huu amekuja.

Jana nilisikia mlio nisiouelewa kifuani mwa mtoto, nikakuita kwa sauti. "Shangazi, njoo usikie." Mama wa mtoto akanitazama. Ikabidi nitoke nje kidogo.

Kwaheri, mama yangu. Jumatatu napanda Mamba. Nosim ameomba twende naye, awaambie wenzake kwamba ile sindano ya kila mwezi, ya kuzuia ugonjwa wa koo usirudi kuharibu moyo, inauma, na kwamba wakubali kuchomwa hivyo hivyo. Nimemkubalia. Nitapanda mpaka magoti yakatae.

Mwanao,
Namsifu