Analaumu Bunduki ya Baba Yake, Kumbe Kosa ni Langu

Mpendwa Mama Ardis,

Naomba unisaidie, maana nimekaa na jambo hili tangu Agosti na sina wa kumwambia. Mke wangu Lorna angekuwepo angenigombeza yakaisha, lakini tumemzika mwaka wa tatu huu, na watoto hatukujaliwa, kwa hiyo wiki nzima inaweza kupita nisisikie sauti ya mtu isipokuwa redio ikisoma bei ya ngano.

Mimi hujaza risasi mwenyewe, kama wengi huku kwetu Montana, naokota maganda yaliyokwisha kupigwa, nayasafisha, natia fataki mpya ya kuwashia, baruti na kichwa cha risasi, na kila boksi nalibandika karatasi yenye tarehe na jina la baruti kwa mwandiko wangu. Nimefanya hivyo miaka thelathini na nane, watu wakinisifu kwa uangalifu. Kanuni ya kwanza, ambayo nimewafundisha wengine kwa mdomo wangu huu, ni kwamba mezani pawe na kopo moja tu la baruti, ukimaliza unarudisha koponi iliyobaki kwenye kipimio, kile chombo cha kupimia baruti, kopo linaenda rafuni, ndipo unachukua jingine. Siku moja mwezi huo wa Agosti nilikuwa nimemaliza risasi za bastola, ambazo baruti yake ni kali na inawaka upesi, nikalileta kopo la baruti ya bunduki kabla sijamwaga ile ya bastola iliyobaki, na hapo simu ikalia.

Naona aibu kusema, alikuwa mwanamke anayeuza bima ya mazishi. Ilikuwa simu yangu ya kwanza baada ya siku tisa, nami nilimshikilia dakika arobaini, nikimuuliza kwao wapi, anapenda kupika nini, mpaka akaniambia mwenyewe, "Mzee wangu, niache basi, bosi ananitolea macho." Nikarudi mezani nimechangamka, nikakuta kipimio kina baruti na kopo la bunduki liko wazi pembeni, nikaamini ndiyo hiyo, nikajaza risasi arobaini. Niliona chembe ni ndogo kuliko kawaida. Nikasema ni miwani.

Ishirini nilimpa Orval, rafiki yangu tangu shule, na ishirini binti yake Janelle anayekaa Miles City, maana bunduki zao zinatumia risasi za aina moja. Jumamosi tukaenda kulenga shabaha kwenye machimbo ya kokoto, Orval na bunduki ya marehemu baba yake, na nduguye Wendell akaanza kumchokoza, "We Orval, hilo dude litundike ukutani, lina umri mkubwa kuliko wewe!" Orval akamjibu, "Ndiyo maana wewe huambulii kitu, kulungu wanakusikia unavyopayuka toka mlima wa pili," tukacheka wote watatu, akafyatua. Bunduki ikapasuka usoni pake. Jicho la kulia limekwenda, na vidole viwili. Na wakati Wendell anamfunga kwa shati lake, mimi, Mama Ardis, nilichukua lile boksi la risasi nikalitia mfukoni.

Hospitalini Orval aliniambia, "Samahani ndugu yangu, nimekuharibia Jumamosi." Sasa kila mtu anasema chuma cha mzee kilichoka, Wendell hampumzishi na ile "si nilikwambia?" yake, na Orval anakubali kila neno. Ile bunduki ameipeleka kwa fundi ikakatwa vipande, kuwinda ameacha, anashinda kwenye kiti akiangalia nje. Mkewe ananialika chakula nami nasema naumwa, kwa sababu siwezi kukaa mbele ya lile jicho. Nyumbani kumekuwa kimya hata nasikia friji. Janelle bado anazo zile ishirini na msimu wa kulungu unafunguliwa baada ya wiki mbili. Nimempigia mara tatu, akiitika nakata. Nikisema nitampoteza Orval, na sina mwingine. Nifanyeje?

Mgane, Barabara ya Cottonwood

*

Mgane wangu,

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na kwa bahati uliandika anwani na namba ya simu nyuma ya bahasha. Gazeti letu hutoka Alhamisi, mimi sikungoja. Unakumbuka nilivyokupigia saa nne asubuhi na kukwambia kwamba usipompigia Janelle dakika hiyohiyo, nitampigia mimi. Wasomaji wapumue: Janelle hajafyatua hata risasi moja. Boksi lake limepelekwa kwa sherifu, na lako la mfukoni pia. Uliniambia alilia, kisha akakuuliza, "Baba anajua?" nawe ukamwambia bado. Akasema yeye hatamwambia, hiyo kazi ni yako. Binti ana akili kutushinda sisi wawili.

Sasa tuongee. Ile simu nakuelewa. Mume wangu alipofariki nilikuwa napeleka barua posta mojamoja ili nipate sababu ya kwenda kila siku na kuulizwa habari za asubuhi. Upweke ni kitu kibaya, na pole sana. Lakini usiusingizie, wala usiisingizie miwani. Uliona chembe ni ndogo! Miaka thelathini na nane ilikwambia simama, nawe ukaendelea risasi arobaini. Na ninyi wengine wenye meza kama yake, najua mko wengi, inukeni mkaangalie kuna makopo mangapi hapo. Baruti usiyo na hakika nayo haijazwi, basi.

Lakini hilo, bwana, ni kosa la kusahau, na watu husamehe. La boksi mfukoni hukulifanya kwa kusahau. Rafiki yako alikuwa chini anavuja damu, wewe ukajifikiria nafsi yako. Nakusema kwa sababu hakuna mwingine wa kukusema, na naona umelikosa hilo muda mrefu.

Uliniruhusu nichape haya ili wengine wajifunze. Majina nimebadilisha, lakini mji wetu huu ni mdogo, na hakuna asiyejua nani alipasukiwa na bunduki mwezi Agosti. Nimekutumia nakala yako ikufikie Jumatano. Gazeti litakuwa kwenye sanduku la barua la Orval Alhamisi adhuhuri. Asije akasoma kwangu kitu alichostahili kukisikia kwako.

Nenda Alhamisi asubuhi, kabla gazeti halijamfikia. Mwambie Wendell awepo, maana yeye ndiye anayemkaba mwenzake kila siku, naye anyamaze. Vua kofia, useme, "Orval, bunduki ya baba yako haikuwa na kasoro. Baruti ilikuwa ya bastola, niliitia mimi, na boksi nililificha." Ishia hapo. Usitaje simu, usimtaje Lorna, usiseme nyumba yako ilivyo kimya. Ukiyataja atakuonea huruma, na leo si zamu yako kuonewa huruma. Akikutukana, sikiliza mpaka mwisho. Akikufukuza, toka, pitia uani ukampasulie kuni, baridi inakuja na yeye vidole ndiyo hivyo. Rudi wiki ijayo upasue nyingine, hata kama hakufungulii mlango.

Unaogopa utabaki peke yako. Upo peke yako tangu ile Jumamosi, na mbaya zaidi umemwacha na yeye peke yake, anailaumu bunduki ya marehemu baba yake kwa jambo ambalo haikulitenda. Nenda, mzee. Amebakiwa na jicho moja, na litatosha kukuona ukija.

Mama Ardis