Wimbo wa Kuaga, Wageni Wakiingia

Jumatatu, 18 Agosti
Kibao kimesimikwa. Mwaka huu sisi ndio Mji Mkuu wa Utamaduni wa Wafini-Ugri, watu wa lugha zenye asili moja na yetu – sisi Waudmurti wa Urusi, kijiji cha nyumba arobaini! Nisiwe mwongo, faida tumeiona. Barabara imemwagwa kokoto. Juzi ambulensi ilimfikia mama mkwe. Mwaka jana angefia kitandani. Na soksi zake za sufu watalii wamezinunua zote.

Ila shule imefungwa. Watoto watano hawatoshi, wamesema. Itakuwa nyumba ya wageni. Mwanangu Italmas, miaka saba, anakwenda bweni la mjini. Huko ni Kirusi tupu.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimemwendea afisa utamaduni, Larisa Petrovna, kichanga changu mikononi, kina homa ya kuota meno. Nikamuuliza: jina lote hili si kwa ajili ya lugha? Sasa lugha ikae wapi? Akanishika bega. “Mdogo wangu, mimi ni wa sherehe. Shule si idara yangu.” Halafu eti siku ya wageni Italmas asome shairi la Kiudmurti, wenzake ndimi nzito. Na sisi wanawake tuimbe wimbo wa kuaga – mtamu, wageni watalia.

Wimbo wa kuaga! Kwa watu wanaoingia! Nilipomweleza mama mkwe, nusura anirushie mwiko. “Huo ni wa mtu anayetoka nyumbani. Ukiuimba ovyo unamfukuza mtu!” Tumekataa. Tutaimba wa kupokea.

Jumapili, 24 Agosti
Nimeshona jina la Italmas kwenye kila nguo. Hata soksi. Baba yake yuko kaskazini, visima vya mafuta. Simu ilikatika kabla sijamwambia ya bweni.

Italmas: “Nikiota vibaya nimwambie nani?”
“Matroni.”
“Kwa lugha gani?”
Nikaenda kupasua kuni. Kuni zipo tele.

Jumamosi, 30 Agosti
Naandikia kwenye dawati la nyuma, katika lililokuwa darasa la Italmas. Vitanda vipya vimepangwa ukutani. Mkate, siagi na asali vya kupokelea wageni viko tayari. Larisa Petrovna amefurahi: basi la wageni likirudi jioni litawabeba watoto hadi bwenini, bure kabisa. Begi la Italmas liko mlangoni.

Basi limesimama. Mimi ndiye ninayeanzisha wimbo. Mama mkwe amelitazama lile begi.
“Mwanangu, tunaanza na upi?” Anauliza na anajua.
“Wa kuaga.”
Amekaza kilemba. “Basi usilie mwanzoni. Utaharibu sauti.”

Larisa Petrovna anapiga makofi kutuita. Italmas ananivuta mkono, ananishikisha mkate wa wageni –