Mwanafunzi wa Tatu

Jumapili, siku ya kwanza ya mwaka wetu wa masomo. Al Amerat.

Joto limeamka kabla yangu. Milima iliyo nyuma ya nyumba inarudisha moto kama ukuta wa tanuri, na jua lenyewe bado halijapanda. Lakini leo sijali. Nimeamka na furaha ya asubuhi ya Idi.

Huu ni mwaka wa pili nawasomesha wanangu nyumbani.

Chumba cha wageni kimegeuka darasa tena. Wiki nzima nilikuwa nakipanga: zulia nimelifua, ubao mweupe nimeuhamisha mbali na dirisha, penseli zote nimezichonga mwenyewe. Zuwena ana miaka tisa, Khalfan sita. Jana wamelala na mabegi miguuni, ingawa safari yao ya kwenda skuli ni kutoka kitandani mpaka upande wa pili wa ukumbi.

Mwaka jana ulikuwa mgumu, niseme kweli. Tulimtoa Zuwena skuli kwa sababu ya basi. Alikuwa akirudi kutoka ng'ambo ya milima kachoka hata analala na tonge mkononi. Said, mume wangu, alikubali shingo upande. Tujaribu mwaka mmoja, alisema. Mwaka ukaisha, hakusema endelea wala hakusema acha. Nami sikuuliza. Nikanunua vitabu vya mwaka wa pili nikaviweka kabatini, nikawa nangoja neno lake.

Mwaka huu nimeanzisha jambo jipya: asubuhi yote, mpaka adhuhuri, Kiswahili kitupu. Wanangu wanasema Kiarabu na baba yao na Kiingereza na katuni zao. Kiswahili wanakisikia, hawakijibu. Karibuni mama yangu alipiga simu kutoka Matrah, akamuuliza Khalfan kala nini. Khalfan akamjibu kwa Kiingereza. Mama akacheka kidogo, kisha akaniambia nimpe Zuwena. Hakuwa anacheka kwa furaha, nilimjua.

Basi leo asubuhi tumesoma dua, tumekaa, nimeandika ubaoni: kitabu changu, kalamu yangu, jicho langu. Mlango ukafunguka, akaingia Said.

Nilidhani keshaondoka. Saa hizo huwa yumo kwenye foleni ya magari ya kwenda mjini. Kumbe kaomba ruhusa kazini bila ya kunambia. Kavaa kanzu ya nyumbani, kavuta kiti kidogo alichokuwa akikalia Khalfan mwaka jana, kakaa nyuma, magoti yanakaribia kidevu.

Kaja kukagua. Ndilo wazo la kwanza lililonijia.

Khalfan akasoma, "Kitabu yangu." Zuwena akamsahihisha, "Changu." Kutoka nyuma Said akauliza, kwa Kiarabu, kwa nini kitabu ni changu na kalamu ni yangu. Nikamjibu kwa ufupi, kama mtu anayemjibu mkaguzi. Akauliza tena, na jicho je? Nikajibu. Alipouliza mara ya tatu niliiweka kalamu chini. Nikamwambia kwamba kama ana neno juu ya masomo haya, aliseme tukiwa wawili, si mbele ya watoto.

Alinitazama kama hakunifahamu.

"Neno gani? Nataka kujifunza," akasema. "Nimechoka kuwa wa mwisho kucheka kwenu."

Said ni mtu wa Nizwa, na kwao hawasemi Kiswahili. Kila Ijumaa tunakula kwa mama, na kwa mama Kiswahili ndicho kinachotawala. Ndugu zangu wakianza mizaha yao, Said hutabasamu akingoja nimfasirie. Mpaka nimalize, watu wameshahamia mzaha mwengine. Na Kiarabu cha mama ni cha salamu na cha bei tu. Miaka yote hii yeye na mkwewe wameulizana hali, wakashukuru Mungu, wakanyamaza.

Sikujua kuwa linamuuma. Nilidhani ni mpole tu.

 Hoja zote nilizoziweka tayari tangu likizo, za kuitetea skuli yangu, hazikuwa na kazi. Mtu hajiandikishi skuli anayotaka ifungwe.

Khalfan ndiye aliyefurahi kupita kiasi, maana sasa yuko aliye chini yake darasani. Baba yake aliposema "kiti langu", Khalfan alimtazama kwa huruma kubwa na kumwambia arudie. Alirudia mpaka ikawa changu. Nimesomesha leo kwa sauti ambayo mwaka mzima uliopita sikuwa nayo.

Karibu na adhuhuri Said akaomba simu yangu. Watoto walikuwa wamemfunza sentensi na alitaka kuijaribu. Akampigia mama, kaiweka simu kwenye spika.

"Shikamoo, Mama. Mimi Said. Hujambo?"

Mama, kwa mazoea, akamjibu kwa Kiarabu chake kile cha salamu.

"Kwa Kiswahili, Mama," Said akamwambia.

 Nikadhani simu imekatika. Kisha nikamsikia mama, polepole, "Marahaba, mwanangu." Halafu akafunguka kama bomba. Said akawa anaitikia "ndiyo, Mama" kila mama alipovuta pumzi, hata alipoulizwa amekula nini. Zuwena na Khalfan walianguka juu ya zulia kwa kucheka.

Baada ya alasiri mama akanipigia mwenyewe. Aliuliza kama ni kweli, au tulikuwa tunamchezea. Nikamwambia ni kweli, kajiandikisha.

"Mwambie Ijumaa aje mapema, akae karibu yangu," akasema. "Nna mengi ya kumwambia. Miaka yote hii."

Nimemfikishia Said maneno hayo kama yalivyo, kwa Kiswahili. Kafikiri kidogo, kisha kauliza "mengi" iko ngeli gani.

Nimemwambia hilo ni somo la kesho, akirudi kazini. Na hiyo kesho naiona inachelewa.