Ekseli ya Pikapu Yako

Nyumbani kwa Bibi,
Chumba cha uani,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zangu zilizojaa heshima. Ni matumaini yangu kwamba goti lako limetulia na kwamba baridi ya huko imepungua makali. Sisi huku tu wazima. Mimi nami ni mzima wa mwili, ila uso sina pa kuuweka.

Nianze na pikapu yako, kwa kuwa najua umekwisha kuitafuta katika mistari ya juu.

Uliagiza bayana kwamba ekseli ya nyuma, ule mhimili wa magurudumu ulioliwa na kutu kwa maji yanayovuja kwenye mapipa tunayobeba, isihangaikiwe, bali itafutwe nyingine kwa wauza vyuma chakavu. Nami, mbele ya familia nzima, nilitamka kwamba kutafuta ekseli nje, hali ndani ya nyumba yumo mchomeleaji, ni kumvunjia mchomeleaji heshima. Basi nikaichomelea mwenyewe: kutu niliikwangua juu juu, sikukifikia chuma safi. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea na uliostahili kubanwa kwenye ekseli yenyewe, niliubana kwenye gurudumu kwa uvivu wa kujikunja; umeme ukapita ndani ya beringi ukaziunguza. Kisha nikapaka rangi nyeusi. Iling'aa, Shangazi. Watu walinisifu, nami nikazipokea sifa.

Asubuhi ya kumpeleka Bibi kliniki ya macho, yeye alikuwa amekwisha kukaa mbele, mkoba mapajani. Mume wa dada, ambaye ndiye dereva, alifika getini tu, nyuma kukaanza kunguruma. Aliniita kwa ule upole wake unaoudhi.

"Shemeji fundi, njoo usikilize. Gari lako linakoroma na bado halijalala."

Nilichukua nyundo, nikagonga pale nilipochomelea. Rangi ilibanduka, na kiungo kikaachia kama biskuti iliyolowa.

Nilimwomba Bibi ashuke. Akakataa katakata.

"Sishuki. Hili limechomelewa na mjukuu wangu, litanifikisha."

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, kwamba mafuta yamekwisha. Shemeji alinitazama, akazima injini.

"Bibi," nikasema, "shuka kwa sababu nimelichomelea mimi."

Akaninyooshea mkono nimteremshe.

Tulikwenda kwa basi. Daktari alimpokea ingawa tulichelewa, na jicho la kulia litafanyiwa upasuaji mwezi ujao.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, ridhaa yako ili gari likabidhiwe kwa yule mzee fundi wa springi, atafute ekseli kama ulivyoagiza tangu awali. Mimi nitamshikia taa na funguo, wala sitatia neno.

Jambo moja silipatii maelezo. Ndani ya basi, Bibi alimwambia mama aliyeketi jirani yake, kwa sauti iliyomfikia hata konda: "Huyu mjukuu wangu ni fundi. Leo amenishusha kwenye gari alilotengeneza mwenyewe." Yule mama alicheka. Nilitazama dirishani, nisijue kama nimesifiwa au nimechapwa. Lakini mkono wangu Bibi hakuuachia mpaka tulipofika.

Bibi anakusalimu, Dada na Shemeji pia. Mfikishie salamu mumeo, na umbusu mwanao Kidevu kwa niaba yangu. Mola akutunze wewe na kila chombo utakachopanda.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye nikiwa nimeinamisha kichwa,

Fundi.